Barua ya wazi kwa wakubwa wa EA: sisi wa Kick Off hatumo kwenye hesabu zenu

Kwa Bwana Andrew Wilson, Mtendaji Mkuu wa Electronic Arts (EA), kampuni ya gemu ya Redwood City, California; na kwa waliokubaliana kuinunua kampuni yake: Mfuko wa Uwekezaji wa Umma wa Saudi Arabia, na kampuni za uwekezaji Silver Lake na Affinity Partners.

Wakubwa, salaam.

Naandika nikiwa Tandika, Dar es Salaam, ndani ya kibanda cha gemu chenye televisheni mbili, PS4 mbili, pedi tano ambazo moja imezungushiwa utepe mweusi wa mafundi umeme, na feni moja iliyogoma kugeuka. Tunachezea Kick Off, ile sehemu ya gemu ya mechi za papo hapo, watu wawili pedi kwa pedi. Mechi ni shilingi 500, kila kipindi dakika nne. Anayefungwa anaachia pedi. Hesabu zangu ziko kwenye kaunta buku la jalada gumu, na hilo ndilo lililonipa ujasiri wa kuwaandikia kuhusu hesabu zenu.

Hesabu zenu huwa nazisoma. Wateja wangu wananicheka nikisema hivyo, lakini zimekuwa zikitoka kila baada ya miezi mitatu, ziko wazi kwa kila mtu, na muuza maji hana budi kujua kisima kimeshuka mpaka wapi. Kibanda chote hiki kimesimama juu ya gemu yenu moja. Nilianza nayo ikiitwa FIFA, nikahama nayo mwaka 2023 mlipoibadili jina kuwa EA Sports FC, ila mtaani kwetu hakuna aliyehama. Dogo akifika mlangoni anauliza, "Anko, FIFA iko wazi?" Iliripotiwa kwamba FIFA yenyewe, shirikisho la soka duniani, lilitaka zaidi ya dola bilioni moja kwa kila miaka minne ili mwendelee kutumia jina lake, mkakataa. Sisi tumebaki nalo bure.

Ilinichukua muda kuelewa kwa nini mna hesabu mbili za pesa ile ile. Kuna mapato, halafu kuna mauzo ya kipindi. Mchezaji akilipia leo kitu atakachohudumiwa kwa miezi kadhaa, pesa mnakuwa nayo mkononi, lakini wahasibu hawaruhusu iitwe mapato mpaka huduma itolewe. Inakaa pembeni ikisubiri zamu yake. Mwenye hisa anataka kujua iliyoingia, basi mnachukua mapato, mnajumlisha na mabadiliko ya ile iliyokaa pembeni, mnapata hesabu ya pili. Mwanzoni niliona kama kiini macho. Kisha nikakumbuka kwamba hata mimi ninayo: dogo analipia mechi tano asubuhi, anacheza mbili, mama yake anamwita akateke maji. Shilingi 1,500 ile bado si yangu. Huwa naiandika kwa kalamu nyekundu.

Mwaka wenu wa fedha unaishia 31 Machi. Ule uliofungwa 2025 mliingiza mapato halisi ya dola bilioni 7.46, na faida halisi ikawa kama dola bilioni 1.12. Karibu robo tatu ya mapato hayo haikutokana na kuuza gemu. Ilitokana na mambo ya baadaye, yale yanayomkuta mtu akiwa ameshanunua: vifurushi vya wachezaji kwenye Ultimate Team (ile sehemu ya mtandaoni ya kujijengea timu), pointi za kununulia vifurushi hivyo, uanachama wa kila mwezi na jamaa zake. Gemu zenyewe, zote mnazouza duniani, kwa diski na kwa kupakua, ndizo robo na ushee iliyobaki.

Mimi na vijana wangu tunaishi kwenye robo ile.

Hapa kwangu hakuna anayecheza Ultimate Team. Inataka intaneti, inataka akaunti yako mwenyewe, inataka ukae na timu yako miezi ukiijenga. Kibanda hakina hayo. Kibanda kina foleni. Watu wawili wanakaa kwenye benchi, mmoja anachukua Real Madrid, mwenzake anachukua Manchester City, wanaingia Kick Off, na dakika kumi baadaye mmoja anainuka akilalamika pedi ilikuwa mbovu. (Ile ya utepe ni nzima kabisa, ila imeshabeba lawama za vipigo vingi.) Anayeipenda Simba anachukua Liverpool kwa sababu ya nyekundu. Wa Yanga anajisitiri na Dortmund kwa sababu ya njano, na kila mara kuna mtu atamkumbusha kwamba kijani iko wapi. Mnatangaza ligi zaidi ya 30 ndani ya gemu yenu na hakuna hata moja ya Afrika, lakini hilo tumelizoea. Tunavaa jezi za watu na kuzipa majina yetu.

Mbwana Samatta ndiye aliyenionyesha nguvu iliyolala hapa. Tarehe 1 Machi 2020, Jumapili jioni, aliifungia Aston Villa kwa kichwa Wembley, fainali ya Kombe la Carabao dhidi ya Manchester City. Villa walifungwa 2-1. Jumatatu yake kibandani hakuna aliyetaka City. Kila anayeketi anataka Villa, na wawili wakiketi wote wanataka Villa, ikawa Villa kwa Villa, Samatta huku na Samatta kule. Nilikuwa na FIFA 20. Nililazimika kuwasha intaneti ya simu nivute vikosi vipya ili gemu ijue kwamba ameshatoka Genk. Bando liliisha, na sikujuta, kwa sababu wiki ile nilirudisha pesa ya bando mara nyingi. Lile lilikuwa soko, wakubwa. Mshambuliaji mmoja wa kutoka Mbagala aliliamsha kwa bao moja, na kwenye vitabu vyenu naamini halikuacha hata alama ya kidole.

Sasa nitoe na zangu. Jumamosi iliyopita, kwa mujibu wa kaunta buku, niliandika majina 43 tofauti na mechi 71. Mapato, shilingi 35,500. Toa umeme wa Luku, toa kodi ya fremu, toa soda ya kijana anayenishikia wakati wa chakula, kilichobaki ni cha mwanamume kurudi nacho nyumbani bila aibu. Watu 43 wamecheza gemu yenu kwa siku moja, wengine mara nne au tano. Je, kwenye hesabu zenu hao ni nani? Nina diski mbili za FC 24. Moja niliinunua mpya Kariakoo, ya pili mtumba kutoka kwa mtu aliyehamia PS5. Ya mtumba haikuwaletea ninyi kitu mara ya pili. Kwa hiyo watu 43 wale, ukiwapeleka Redwood City, wanageuka kuwa mteja mmoja aliyenunua mara moja, miaka iliyopita, kisha akanyamaza.

Siwalaumu kwa kutowaona. Nawauliza kwa nini hamtaki kuwaona, maana mkiwa na sababu huwa mnawaona. Tarehe 22 Januari 2025 mlitoa tahadhari kwa wawekezaji. Mauzo ya mwaka mliyokuwa mmekadiria kati ya dola bilioni 7.5 na 7.8 mkayateremsha hadi kati ya bilioni 7.0 na 7.15. Soka, mlisema, limepoa baada ya miaka miwili ya kukua kwa kasi; na gemu yenu nyingine, Dragon Age: The Veilguard, imefikisha wachezaji kama milioni 1.5, pungufu ya matarajio yenu kwa karibu nusu. Kesho yake hisa zenu zikaporomoka kwa zaidi ya asilimia 15. Baadaye mambo yalitengemaa na mwaka ukafungwa kwa mauzo ya dola bilioni 7.355, lakini mimi nilikuwa bado kwenye sentensi ile ya Januari. Mlisema wachezaji. Hamkusema nakala. Ina maana siku nakala hazipendezi kutajwa, mnajua vizuri kwamba nakala ni kitu kimoja na mchezaji ni kitu kingine, na mnao uwezo wa kuhesabu wa pili.

Na kwenye soka mnajivunia nakala. Kufikia 2021 ilitajwa kwamba mfululizo wa FIFA umeuza zaidi ya nakala milioni 325 tangu ile ya kwanza ya 1993. Ni nyingi. Ila mimi niliyekaa kwenye kiti hiki najua kwamba nakala moja ya Tandika ina watu wengi kuliko nakala kumi za mtaa ambao kila mtoto ana runinga chumbani kwake.

Kwa nini kila mmoja wa hao 43 hanunui yake? Gemu mpya ya PS5 mnaiuza dola 69.99. Kwa dola ya miaka hii hiyo ni kama shilingi 170,000 kabla hujaongeza chochote. Nimegawanya kwa 500: mechi 340. Dogo anayecheza mechi mbili kwa siku, kila siku bila kukosa, atamaliza karibu miezi sita kabla pesa yake ya kibandani haijafikia bei ya diski, na hapo hatujazungumzia mashine yenyewe, televisheni, wala umeme. Anayekuja kwangu anajua kupiga hesabu. Ananunua gemu yenu kwa kipimo, kama mafuta ya kula kwenye kibaba, kwa sababu pesa yake inaingia kwa kipimo.

Hata huyo mmoja mwenye uwezo anakuta mlango hauna kitasa. Duka la PlayStation la mtandaoni halina Tanzania kwenye orodha ya nchi zake, wala Kenya. Afrika Kusini ipo. Mtu wa Dar anayetaka kununua kwa njia ya haki anaanza kwa kudanganya: anafungua akaunti kama Mmarekani au mkazi wa Dubai, kisha anatafuta mtu wa kumuuzia kadi ya malipo ya huko, na mtu huyo anaweka chake juu. Hilo la duka ni la Sony na si lenu, nalielewa. Lakini ninyi ni wakubwa wa kutosha kuwapigia simu.

Nifike kwenye jambo ambalo msomaji mwenye akili atakuwa ameshaliona, nilitaje mwenyewe kabla sijatajiwa. Mkataba wenu wa matumizi unasema gemu ni kwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara. Kibanda changu ni biashara. Nina leseni ya biashara ya halmashauri, nina makubaliano na mwenyekiti wa mtaa kwamba mwanafunzi mwenye sare haingii, nalipa ninachopaswa kulipa hapa, lakini kwenu sina karatasi hata moja inayoniruhusu kufanya ninachofanya. Sijivunii. Wala sijifichi, maana ningejificha wapi, na bango la nje limeandikwa PLAYSTATION kwa rangi nyekundu. Vibanda kama hiki viko Manzese, viko Buguruni, viko Mwanza na Mbeya, viko Mombasa na Kisumu, viko Goma na Bujumbura. Wote tuko katika hali hiyo, kwa sababu karatasi ninayoisema haiuzwi popote kwa watu kama sisi.

Na ingeweza kuuzwa. Hili ndilo hasa lililonikalisha niandike, na mfano siutoi mbali, nautoa ndani ya nyumba yenu.

Korea Kusini kuna vyumba vya kompyuta vinavyoitwa PC bang. Ni vibanda kama changu, ila vina viyoyozi na tambi za moto. Mtu analipa kwa saa, anakaa, anacheza. Mwenye chumba naye ananunua saa kutoka kwa kampuni ya gemu: kila saa mteja wake anapocheza gemu fulani, kampuni inakatiwa chake. Mchezaji anayechezea pale anapewa ziada ndani ya gemu ambayo hapati akiwa nyumbani, hivyo ana sababu ya kutoka kwao na kwenda chumbani. Moja ya gemu zinazopendwa sana katika vyumba hivyo ni ya soka, inaitwa FC Online, zamani FIFA Online 4, iliyofunguliwa huko mwaka 2018 na kampuni ya Nexon. Leseni ya gemu hiyo ni yenu. Injini yenu, majina ya wachezaji mliyoyapata ninyi, nembo yenu. Kwa hiyo Electronic Arts inakijua kibanda. Imeshakula naye sahani moja, Seoul na Busan. Haijamjua ndugu yake wa Tandika tu.

Nitakachotaja sasa ni bei, maana barua isiyo na bei ni malalamiko. Niuzieni leseni ya kibanda kwa mwezi, kwa kila televisheni, shilingi 20,000. Kwangu hizo ni mechi 40 kwa televisheni, nazipata Jumamosi moja na kipande cha Jumapili. Niilipe kwa shilingi, kwa M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa, bila kadi na bila kujifanya mkazi wa Dubai. Ninachotaka kwa pesa hiyo hakijai kiganja: karatasi ya kubandika ukutani, gemu ya mwaka husika, na vikosi vipya ninavyoweza kuvivuta mara moja kwa mwezi kwa faili dogo lisilomaliza bando. FC 24 yangu nisipoiunganisha na mtandao inabaki ilivyozaliwa, Mbappé bado yuko Paris, na kila wiki kuna mgeni anayedhani nimemwekea gemu feki. Mkitaka kunifurahisha zaidi, wekeni ndani ya Kick Off orodha ya foleni, mtu anaandika jina, mshindi anabaki, gemu inamwita anayefuata. Kazi hiyo sasa inafanywa na kaunta buku langu na sauti yangu, na vyote viwili vinachoka.

Leseni hiyo ingewapa kitu ambacho nadhani kina thamani kuliko zile 20,000. Ingewapa idadi. Kila kibanda kilicholipa kingekuwa taa moja kwenye ramani, mngejua Temeke kuna televisheni ngapi na zinacheza timu gani usiku wa Jumamosi. Mngejua nini kilitokea siku bao la Samatta lilipoingia.

Najua mtu wa fedha atakayeisoma barua hii ataniambia, mzee, pesa haiko huko, pesa iko kwenye vifurushi. Tuvizungumze basi.

Katika mwaka wenu wa fedha wa 2021 mlitaja wazi kwamba Ultimate Team peke yake, ukijumlisha michezo yenu yote, iliingiza dola bilioni 1.62, asilimia 29 ya mapato yote ya kampuni. Kifurushi ni nini? Unalipa, unakifungua, taa zinawaka, na ndani kuna wachezaji usiowajua mpaka dakika ile. Anaweza kutoka nyota, anaweza kutoka beki wa daraja la pili usiyemhitaji. Mwaka 2019 mwakilishi wenu alipoitwa mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza alikataa visiitwe kamari. Alisema ni utaratibu wa kushtukiza, kama yale mayai ya chokoleti yenye kimwanasesere ndani. Huku kwetu mashine ya kushtukiza tunayo. Inaitwa dubwi. Unatumbukiza sarafu, taa zinawaka. Kwa sheria yetu aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuigusa, na ipo Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ya kusimamia hilo. Sijawahi kukubali dubwi liwekwe kwenye kibanda changu, ingawa nimeletewa maneno matamu na ahadi ya mgawo.

Ubelgiji waliliona hivyo hivyo. Tume yao ya michezo ya kubahatisha ilisema 2018 kwamba masanduku ya bahati yanayolipiwa yanavunja sheria yao, na mwishoni mwa Januari 2019 mkaacha kuuza pointi katika nchi ile. Uholanzi mlishinda: faini ya vifurushi iliyofikia euro milioni 10 ilifutwa na mahakama ya juu ya utawala mwaka 2022, nami sitasema mlishinda kwa hila. Ninachosema ni kwamba Ubelgiji gemu haikufa. Watu waliendelea kuinunua, na timu zao wakazijenga kwa kucheza badala ya kwa kadi ya benki.

Vifurushi vinanisumbua zaidi tangu 29 Septemba 2025, siku yalipotangazwa makubaliano ya kuinunua EA kwa dola bilioni 55, dola 210 kwa kila hisa. Mabwana wa Riyadh, ninyi nawasalimia kipekee. Saa zenu na zetu ni moja, mkiamka nasi tumeamka. Ilitangazwa kwamba kama bilioni 36 ni mtaji wenu na wa wenzenu mnaonunua nao, na mkopo wa hadi bilioni 20 umepangwa na benki ya JPMorgan. Mkopo wa aina hii haubebwi na anayenunua. Unatua mgongoni mwa kampuni inayonunuliwa, nayo ndiyo inayoulipa kutokana na mauzo yake.

Nilichukua kalamu. Sijui mtapatana riba gani, basi nikaweka ya upole, asilimia 5. Kwa bilioni 20 hiyo ni dola bilioni moja kila mwaka. Faida halisi ya kampuni nzima ule mwaka ulioishia Machi 2025 ilikuwa bilioni 1.12. Nilikaa nikiitazama ile karatasi. Kibandani kwangu, mtu akija na kusema, nakununua, ila nimekopa, na mkopo utalipwa na kibanda, na riba yake inakaribia kumaliza chote unachobakiza, najua nitakachofanya kesho yake. Nitapandisha mechi. Nitapunguza dakika. Nitamwachisha kazi kijana wa kunishikia. Na lile dubwi nililolikataa nitaliita lirudi.

Februari 2024, kabla hata ya mkopo huo, mlitangaza kupunguza karibu asilimia 5 ya wafanyakazi. Kwa hiyo panga lipo, limeshanolewa, na swali ni lini litashushwa tena. Upande wa mapato, mkandamizo ule utatafuta pahala pa kutokea, na pahala palipo laini ni pale kwenye robo tatu: kijana mwenye simu, usiku, akifungua kifurushi cha saba. Kick Off haitaguswa. Haijawahi kuguswa sana, maana haimletei mtu riba. Mwaka hata mwaka menyu inabadilishwa rangi, sisi tunaambiwa ni mpya.

Kuna jambo jingine dogo linaloniuma kama msomaji wa hesabu. Kampuni ikitoka kwenye soko la hisa haibanwi tena kuanika mauzo yake kila robo mwaka kama ilivyozoea. Ina maana watu wa nje, wazazi, wabunge wa nchi mbalimbali, na hata mwenye kibanda wa Tandika, wanaweza wasijue tena vifurushi vinaingiza kiasi gani. Zile hesabu za 1.62 na asilimia 29 mlizitoa kwa sababu wenye hisa walikuwa na haki ya kuziona. Endeleeni kuzitoa bila kulazimishwa. Andikeni ukurasa mmoja tu kwa mwaka: Ultimate Team imeingiza kiasi hiki, na kiasi hiki kimetoka kwa watu walio chini ya umri wa utu uzima, kadiri mnavyoweza kujua. Mimi naonyesha kaunta buku kwa mwenyekiti wa mtaa akilitaka. Hanilipi.

Mnaweza kujiuliza kwa nini nisihamie kwingine. Washindani wenu Konami wamefanya gemu yao ya soka, eFootball, kuwa ya bure tangu 2021 na madogo wengi wanaicheza kwenye simu, wakiwa wamekaa kwenye benchi langu wakisubiri zamu ya gemu yenu. Nimewauliza kwa nini wanalipa 500 wakati wanayo ya bure mkononi. Mmoja alinijibu bila kuinua macho: "Anko, simu haina mtu wa kumcheka." Jibu hilo nimeliandika nyuma ya kaunta buku. Mnalimiliki gemu ambalo watu wawili wanalitaka wakiwa wamekaa bega kwa bega, na wengine kumi wamesimama nyuma wakitoa ushauri ambao hawakuombwa, halafu mnaliendesha kana kwamba kila mchezaji yuko peke yake chumbani na kadi ya benki.

AFCON ya 2027 walipewa Kenya, Uganda na Tanzania. Kutoka kibandani kwangu hadi Uwanja wa Benjamin Mkapa ni safari fupi ya bodaboda. Nikiwa na leseni ukutani kabla ya mashindano hayo, nitaandaa ligi ya kibanda, timu za taifa, mshindi apate jezi. Nisipokuwa nayo nitaiandaa vilevile, na ninyi hamtajua kwamba ilikuwepo.

Barua hii nimeisoma kwa sauti kwa waliokuwa kwenye foleni jana. Wameniambia niongeze kwamba kipa wa FC 24 anatema mipira ovyo. Nimeongeza.

Wenu,
Mwenye kibanda, Tandika

Nyongeza: Kaunta buku hili limebakiza kurasa nne. Mkitaka kuziona kurasa za Jumamosi zote za mwaka huu, nitazipiga picha kabla sijaanza jipya.